Bara Lililojengwa na Mashabiki: Shajara ya Kupima Tamriel Rebuilt

Juma la kwanza

Mradi huu una lengo moja: kuandika kwa Kiswahili tathmini kamili ya Tamriel Rebuilt, nyongeza iliyotengenezwa na mashabiki kwa ajili ya mchezo wa kompyuta wa Morrowind. Nimekusudia kuicheza kwa utaratibu kwa muda wa majuma kumi na kuandika ninayoyaona siku ileile ninapoyaona, kabla kumbukumbu haijaanza kuyapamba.

Kwa msomaji asiyeufahamu mchezo wenyewe, historia yake ni hivi. Morrowind ulitolewa na Bethesda mwaka 2002. Jina lake ni la jimbo zima, lakini mchezo unafanyika katika kisiwa kimoja tu cha jimbo hilo, Vvardenfell, chenye mlima wa volkano katikati yake. Bara, yaani sehemu ya jimbo iliyo nje ya kisiwa hicho, linatajwa kila mahali, katika vitabu vilivyomo ndani ya mchezo, katika maneno ya mabaharia na katika majina ya koo kubwa, lakini mchezaji hawezi kulikanyaga. Nyongeza rasmi mbili, Tribunal ya mwaka 2002 na Bloodmoon ya mwaka 2003, hazikuliondoa pengo hilo. Tribunal inampeleka mchezaji Mournhold, ambako anaingia na kutoka kwa uchawi wa kusafirishwa, na nje ya kuta za mji huo hakuna nchi iliyojengwa. Mashabiki walikuwa wameanza kazi mwaka 2001, kabla mchezo haujafika madukani, wakiwa na nia ya kulijenga bara zima la Tamriel pamoja na majimbo yake yote. Baadaye walipunguza nia hiyo, wakabaki na upande wa bara wa jimbo la Morrowind peke yake. Kipande chao kikubwa cha kwanza, Telvannis, kilitoka mwaka 2006, nami nacheza toleo la mwaka 2025 linaloitwa Grasping Fortune, lililoleta mji wa Narsis.

Nimejiwekea masharti matatu. Nitaanza na mhusika mpya asiye na kitu, sitatumia ramani wala mwongozo kutoka mtandaoni, na sitaandika udhaifu wowote katika tathmini mpaka niwe nimeuona mahali pawili tofauti. Sharti la tatu ndilo muhimu kuliko mengine, kwa sababu kazi ya watu wengi wa kujitolea haiwezi kuhukumiwa kwa kona moja iliyosahaulika.

Kusakinisha kulichukua jioni nzima. Nyongeza inahitaji mchezo wenyewe, nyongeza rasmi zote mbili, na fungu kubwa la faili liitwalo Tamriel_Data, ambalo lina maumbo, mavazi, viumbe na samani zinazotumiwa pia na miradi jirani inayojenga majimbo mengine. Ni mpango mzuri sana, kwa maana kiti kikishachongwa mara moja hakuna haja ya mwingine kukichonga tena.

Juma la pili

Sikuvuka kwenda bara. Nilibaki kisiwani kwa makusudi, ili nipate kipimo cha kulinganishia, na hapo nikaona jambo ambalo sikuwahi kulizingatia nilipokuwa mdogo. Mhusika anayekupokea katika mji wa Balmora, Caius Cosades, hakuharakishi kabisa. Anakwambia ujiunge na chama, upate uzoefu, ujitengenezee sura ya kujifichia, kisha urudi. Mchezo wenyewe, kwa kinywa cha bosi wako, unakupa likizo. Nyongeza nyingi za mashabiki hukwama mahali hapa: mchezo wa asili unamwambia mchezaji kwamba dunia inakaribia kuangamia, huku nyongeza ikimwalika akatembee. Tamriel Rebuilt ilibahatika kupandikizwa katika mchezo ambao mlango huo uko wazi tangu saa ya kwanza.

Juma la tatu

Nimevuka. Nilifika Old Ebonheart, mji mkubwa ulio bara wa Dola inayotawala jimbo hili, mhusika wangu akiwa bado dhaifu, mwenye mkuki wa chuma na viatu vilivyochakaa.

Nitaanza na nguvu ya mji huu, kwa kuwa ndiyo iliyonijia kwanza. Mji umepangwa kama mji. Bandari iko chini, maghala yako karibu na bandari, na kadiri unavyopanda ndivyo nyumba zinavyozidi kuwa za watu wenye uwezo. Hakuna ubao unaokueleza haya, miguu inakuambia. Nyumba nilizoingia zilikuwa na mwenyewe, mwenyewe alikuwa na kazi, na kazi hiyo ilionekana mezani kwake.

Udhaifu ulinijia katika dakika zilezile. Kompyuta yangu mpakato, ambayo kisiwani inakwenda bila taabu, hapa ilishuka mpaka picha zikawa zinarukaruka kila nilipogeuza uso kutazama barabara kuu. Sababu inajulikana: injini ya mwaka 2002 inampa kichakataji kazi ya kukihesabu kila kitu kimoja kimoja, na mji wenye mapipa, taa na matofali maelfu unailemea hata kama kadi ya michoro haina shughuli. Nilihamia OpenMW, injini mpya ya programu huria iliyoandikwa upya na wapenzi wa mchezo huu, na hali ikawa nafuu, ingawa haikuwa kamili. Nitaandika katika tathmini kwamba tatizo hili lina mizizi pande mbili. Injini ni nzee, lakini wajenzi wanaijua, na mji mkubwa kiasi hiki ulikuwa uamuzi wao.

Juma la nne

Hili ndilo juma lililonifundisha zaidi, na sehemu kubwa ya mafunzo hayo ilitoka kwa mtu asiyejua lolote kuhusu mchezo huu.

Morrowind hauna mshale wa kuonyesha njia. Mtu anakupa maelekezo kwa maneno, yanaandikwa katika shajara ya mhusika wako, na ni juu yako kuyafuata. Karibu mazungumzo yote ni maandishi tu, bila sauti. Mdogo wangu, ambaye amezoea michezo ya simu, aliketi kando yangu, nami nikamwachia kipanya na kibodi, kisha nikawa namfasiria kwa Kiswahili kila alichoambiwa. Misheni yenyewe ilikuwa ndogo, katika bonde la mto Thirr: kumtafuta mtu aliyekuwa anaishi nje ya mji. Maelekezo yalitegemea mto, njia panda na mwinuko wa ardhi.

Alifika mtoni, akasimama. Akaniuliza, “Kaka, mto unakwenda wapi? Amesema nifuate yanakotoka maji.” Nikamwambia atazame mwenyewe. Alishuka ukingoni, akageuza kamera pande zote mbili, akatafuta ardhi iliyo juu zaidi, akaamua. Baada ya dakika kama kumi hivi za kutembea aliona paa nyuma ya miti, akanyamaza, akaingia bila kunitazama. Sikuwa nimemwona akisoma nchi ya mchezo kwa macho namna ile, kwa kuwa michezo anayoicheza haimtaki afanye hivyo.

Hapa ndipo ninapoona nguvu kuu ya Tamriel Rebuilt, na inatokana na kitu ambacho kwa mtazamo wa haraka ni upungufu wa mchezo wa asili. Kwa kuwa wahusika hawasemi kwa sauti, shabiki mwenye kalamu nzuri anaweza kuandika misheni nzima peke yake, nayo ikasimama sawasawa na ile iliyoandikwa na waajiriwa wa kampuni. Hahitaji studio wala mwigizaji, na mchezaji hatasikia mahali popote pale ambapo sauti ya zamani imekoma na sauti ya kukodi imeanza. Waliojenga nyongeza kwa michezo iliyokuja baadaye, yenye sauti kila mahali, walilazimika ama kutafuta waigizaji wengi au kuwaacha wahusika wao mabubu. Huku bara, mwandishi wa mwaka 2025 na mwandishi wa mwaka 2002 wanatumia kalamu moja.

Lakini nguvu hiyo ina deni lake. Kwa kuwa kuandika hakuna gharama, kuna wahusika wanaoandikiwa mno. Nimekutana na wenye duka wawili na kuhani mmoja ambao swali dogo kwao linaleta aya tatu, nzuri zote, zenye historia ya ukoo na ya hekalu, wakati nilichotaka ni kujua mahali pa kulala. Waandishi wa mchezo wa asili walikuwa wabahili wa maneno, na ubahili ule ulikuwa sehemu ya tabia ya watu wa Vvardenfell, wasiopenda wageni. Bara kuna ukarimu wa maelezo ambao nyakati nyingine unamfanya Mdunmer, yaani mwenyeji wa jimbo hili, aongee kama mwalimu wa historia.

Juma la tano

Juma fupi. Umeme ulikatika siku tatu.

Niliandika tu kuhusu fedha. Mhusika wangu ametajirika upesi kupita kiasi. Huu ni ugonjwa wa kurithi, kwa maana hata kisiwani yuko kaa mfanyabiashara mwenye septim, sarafu ya mchezo huu, 10,000 na kiumbe mwingine huko Caldera mwenye 5,000, ambao kwa muda mrefu wamekuwa benki ya kila mchezaji mjanja. Nyongeza inaongeza nchi kubwa yenye mapango na makaburi mengi, na kila pango lina kitu cha kuuza, hivyo ugonjwa unaongezeka kwa wingi wa mapango tu, hata kama hakuna pango moja lililozidisha. Mchezaji anayekwenda kisiwa na bara kwa mhusika mmoja atafika mahali ambapo malipo ya misheni hayana maana kwake.

Juma la sita

Nilikwenda mashariki, Telvannis, kisha nikashuka kusini mpaka Necrom.

Wachawi wa Telvanni wanaishi ndani ya minara iliyooteshwa kutokana na uyoga mkubwa, nao hawajengi ngazi, kwa sababu asiyeweza kuruka hana haja ya kuonana nao. Mchezo wa asili ulianzisha desturi hii, na mashabiki wameishika. Niliingia katika mnara mmoja nikiwa na dawa moja tu ya kuelea, nikapanda, nikazungumza na niliyemtaka, nikasahau kwamba muda wa dawa unahesabika, nikaanguka mpaka chini na kufa. Nilifurahi kwa dhati. Nyongeza isiyojiamini ingeweka ngazi mahali fulani pembeni.

Hata hivyo, eneo hili ndilo lenye umri mkubwa kuliko mengine, na umri unaonekana. Katikati ya vituo kuna mwendo mrefu ambao njiani hakuna jambo. Milima imechongwa, miti imepandwa, lakini jicho halipati kitu cha kulishika. Maeneo yaliyojengwa katika miaka ya karibuni yana desturi tofauti: kila baada ya mwendo mfupi kuna jambo dogo la kutazama, kama mtumbwi uliopinduliwa, kaburi la njiani au moto uliozimwa, hata kama halina misheni. Wajenzi wenyewe wamekuwa wakirudi kurekebisha maeneo ya kale, na sehemu zilizorekebishwa zinajitambulisha. Ila sasa mchezaji anavuka kutoka mkono mmoja kwenda mkono mwingine ndani ya mwendo wa dakika chache, kama anayepita katika nyumba ambayo sebule imepakwa rangi juzi na ukumbi bado.

Necrom haihitaji maneno mengi kutoka kwangu. Ni mji wa wafu, mahali ambapo Wadunmer huleta maiti zao kutoka pande nyingi za nchi. Katika mchezo wa mwaka 2002 ni jina tu, na msomaji wa vitabu vya ndani ya mchezo alilazimika kuujenga kichwani mwake. Niliingia alfajiri ya mchezo, nikashusha silaha zangu bila mtu kuniambia.

Juma la saba

Kuna jambo ambalo mtu wa pwani hawezi kulipita kimya, nalo ni utumwa. Katika nchi hii ni halali. Kisiwani, Suran na Tel Aruhn zina masoko ya wazi ambako Waargonia na Wakhajiit, watu wa majimbo mengine wenye maumbo ya mijusi na ya paka, wanauzwa, na mchezo wa asili haukulificha wala kulipamba. Nimekulia katika mwambao ambao soko lake kubwa la watumwa, la Zanzibar, lilifungwa mwaka 1873, na kanisa kuu la Kianglikana limesimama mahali pale mpaka leo, kwa hiyo naisoma sehemu hii ya nyongeza kwa uangalifu zaidi ya sehemu nyingine.

Swali langu la kupimia ni moja: je, mtumwa ni mtu au ni samani ya kuonyesha ukatili wa bwana wake? Nilikuta majibu ya aina zote mbili. Wako waliopewa jina, hofu zao na njia yao ya kumkwepa anayewauliza maswali, na wako waliosimama shambani kama miti. Ninachokipa sifa ni kwamba mabwana hawakuchorwa kama mashetani. Ni watu wenye adabu, wanaokukaribisha vizuri, na hilo linauma zaidi. Ninachokiona ni udhaifu ni kwamba ukimfungua mtu bangili yake ya utumwa, nchi haijui. Jirani hashtuki, bei haibadiliki, hakuna anayekutafuta. Mchezo wa asili nao una kasoro hii, lakini bara ni pana zaidi na linadai zaidi. Mtihani wenyewe bado uko mbele, kwa kuwa katika toleo ninalolicheza nchi za ukoo wa Dres, ambao utajiri wao unatokana na watumwa, pamoja na mji wao wa Tear, hazijafunguliwa.

Juma la nane

Niliamua kujenga nyumba. Toleo la Morrowind la kompyuta lilitoka likiwa na Construction Set, programu ileile iliyojenga mchezo, na bila zawadi hiyo kusingekuwa na Tamriel Rebuilt. Nilitaka kujua kasoro zinazalikaje, ili nisiwalaumu watu kwa nisichokielewa.

Nilijenga chumba kimoja cha mvuvi: kuta, kitanda, meza, nyavu, vyombo. Ilinichukua siku nne. Nilipoingia ndani kama mchezaji, kikombe kilikuwa kinaelea juu ya meza, pengo la upana wa kidole, na kona ya kabati ilikuwa imepenya ukutani na kutokea nje. Wajenzi wa nyongeza wana majina ya makosa haya mawili, vinavyoelea na vinavyopenya, na anayekagua kazi ya mwenzake anapita chumba kizima akiyatafuta. Utaratibu wao naupenda kwa ukali wake. Mgeni haruhusiwi kugusa nchi mpaka aonyeshe kazi ya majaribio na ikubalike; kisha anachukua kipande kimoja, anakimaliza, mwingine anakikagua, na ndipo wengine wanaingia kuweka watu na maneno. Kwa nje, nchi imegawanywa katika seli za mraba, kila upande vipimo 8,192, na mtu anachukua seli chache tu.

Baada ya siku nne hizo nilielewa kwa nini kazi iliyoanza mwaka 2001 haijaisha. Nilielewa pia kwa nini nyumba za bara ni nzuri kuliko nyumba nyingi za kisiwani. Mwajiriwa wa mwaka 2002 alikuwa na tarehe ya kukabidhi, akanakili chumba cha jirani na kuhamisha kitanda. Shabiki hana tarehe. Anaweza kukaa na chumba kimoja cha mvuvi mpaka ajue mvuvi huyo ana watoto wangapi. Ukosefu wa tarehe ndio uliofanya vyumba viwe hai, na ndio uliomfanya mchezaji wa mwaka 2006 angoje Narsis kwa miaka kumi na tisa.

Juma la tisa

Narsis, makao ya ukoo wa Hlaalu. Wafanyabiashara, mikataba, hongo inayotolewa kwa heshima zote. Hapa nyongeza imefika utu uzima. Misheni zinashikana, uliyemsaidia jana anatajwa leo na mtu asiyekufahamu, na unaanza kuelewa kwamba umetumiwa.

Nimelazimika kuandika upya maoni yangu kuhusu kukosekana kwa uti wa mgongo. Katika majuma ya mwanzo niliandika kwamba bara halina kisa kikuu kimoja kinachomvuta mchezaji kutoka mji hadi mji, na hilo ni kweli. Kisa kikuu kimebaki kisiwani, chini ya mlima. Vyama na koo ndivyo vinavyokubeba, na vingine vinakubeba hadi mpaka wa nchi iliyokwisha kujengwa, kisha vinakuacha hapo. Nilikuwa nimeliweka hili kuwa udhaifu wa kwanza. Baada ya Narsis nimelishusha. Kinachokosekana kweli ni kumbukumbu ya pamoja kati ya bara na kisiwa: unaweza kuwa mkuu wa chama upande mmoja na upande wa pili ukasalimiwa mara nyingi kama mgeni aliyeshuka melini. Hilo lamwumiza mchezaji kuliko kukosa kisa kikuu cha pili.

Juma la kumi

Nilikuwa nimetenga juma hili kwa kuandika tu, nikiwa na daftari lililojaa. Nilipokuwa napanga sura ya Telvannis niliona nimeandika, mara mbili, katika mahali pawili tofauti kama sharti langu linavyotaka, kwamba ardhi imepasuka kati ya seli na seli, ufa mrefu ambao ndani yake unaona anga. Nilikuwa nimeiweka kama kasoro nzito. Lakini baada ya kujenga chumba changu najua kwamba mshono wa namna hiyo hutokea pale faili mbili tofauti zinapobadilisha urefu wa ardhi katika seli zinazopakana. Nikafungua orodha ya faili zangu. Ilikuwamo nyongeza nyingine ndogo ya kupamba mwambao, niliyoisakinisha mwezi mmoja kabla ya mradi kuanza na kuisahau. Niliitoa, nikapakia mchezo niliouhifadhi juma la sita, nikatembea mpaka mahali pa kwanza. Nyasi zilikuwa zimekutana, na njia ilipita juu yake bila alama.

Nimezifuta kurasa hizo mbili. Nimerudi pia kwenye kila maandishi ya mashariki yanayohusu ardhi, kumi na moja kwa jumla, na kesho asubuhi naanza kuyatembelea moja baada ya jingine nikiwa na faili za nyongeza hii peke yake. Mdogo wangu ameomba kuja naye, ila anataka safari hii ashike kipanya yeye tangu bandarini.